Nyumba ya Babu Inabomoka

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezuru nyumba aliyoijenga babu yangu, ambayo imekaa bila mtu kwa miaka mingi. Paa limetoboka, lipu inabanduka, nami nilisimama sebuleni nikijaribu kuwaza maisha yaliyokuwamo. Nitayajuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole, maana inauma kuona mlango waliouzoea wapendwa wako ukining'inia kwa bawaba moja. Anza na alama za matumizi: kizingiti kilicholika katikati huonyesha palipopitwa sana, masizi ukutani hueleza moto uliwashwa wapi, na rangi inapobanduka hufichua matabaka, la chini kabisa likiwa ndilo lililotangulia. Lakini ukuta hautaji majina. Kwa hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba boriti hazijaoza, mpeleke huko mzee wa ukoo aliyewahi kulala humo, kama yupo na ana nguvu, mpite naye chumba baada ya chumba huku ukimrekodi, kwa kuwa mahali huamsha kumbukumbu ambazo maswali hayazifikii. Na ikiwa kuta zilijengwa kwa chokaa, nakusihi usikubali fundi azizibe kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani, nao huendelea kuula ukuta kimyakimya.