Kabla hujatuma pepa yako kwenye jarida la chuo, anza na ruhusa

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma komyuniti koleji huku huku Iowa, Marekani, kanipigia, dada, mwalimu kasema asaimenti yangu niitume kwenye jarida la wanafunzi, nitume tu au kuna mambo natakiwa kujua? Nikamwambia subiri kwanza, usitume leo. Nimeona bora niandike hapa na wengine wasome, maana mimi haya mambo niliyajua nikiwa nimeshaumia.

Kwa wasiojua, komyuniti koleji ni vile vyuo vya miaka miwili vya Marekani, ada nafuu, wengi wetu wenye watoto na shifti za usiku tunaanzia hapo ndio tunahamia yunivasiti. Viko siku nyingi, kile cha Joliet, Illinois kimeanza mwaka 1901. Watu wanavidharau, wanadhani utafiti ni wa yunivasiti kubwa tu. Sio kweli kabisa, vingi vina jarida lao la wanafunzi, hadithi humo, mashairi humo, utafiti humo, na kuna walimu wanalihangaikia hata wikiendi bila kulipwa cha ziada.

Mimi usiku nilikuwa kazini nyumba ya wazee, asubuhi darasani. Pepa yangu ya sosholojia ilihusu akina mama wa Kikongo wakienda hospitali, nani anawatafsiria kwa daktari, na mara nyingi ni mtoto wao mwenyewe, mtoto wa miaka 12 anaambiwa amweleze mama yake habari za kizazi, fikiria. Nilihoji akina mama 9, nikapata A, mwalimu akasema tuma, nikatuma. Wiki mbili baadaye mhariri ananiita ofisini, swali moja tu: kibali cha IRB kiko wapi?

IRB ndio kamati ya maadili ya utafiti. Kama umefanya utafiti nyumbani unakijua kibali cha utafiti cha COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, basi fikiria mlango wa namna hiyo, ila huu uko ndani ya chuo na kazi yake ni kumlinda yule unayemhoji. Kwa kawaida kazi inayoishia darasani hawakudai, lakini ukitaka itoke kwa watu kama utafiti wanadai, na kibali kinaombwa KABLA ya kuhoji, mahojiano yakishafanyika ndio basi. Mahojiano yangu 9 yote yakabaki kwenye daftari. Nililia kwenye gari, sitaficha.

Nilikasirika sana nikaona ni usumbufu wa makaratasi tu. Dada mmoja wa maktaba ndiye alinikalisha akanieleza ya Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi mamia kadhaa wenye kaswende, hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa, ili tu watafiti waone ugonjwa unavyokwenda. Miaka 40! Habari ilipofichuka ndio sheria ya kuwalinda wanaofanyiwa utafiti ikaja, 1974. Toka siku hiyo kile kibali nakiheshimu.

Kwa hiyo siku ile ile mwalimu anatoa mada, muulize, nikitaka kuichapisha hii baadaye nahitaji kibali? Muulize kabla hujawasha rekoda. Semista iliyofuata nikaanza upya, nikaomba, nikapata.

Halafu kuna fomu ya ruhusa, ile anayoisoma mama kabla hujamhoji. Nilitafsiri kwa Kiswahili changu cha Mwanza nikaona nimemaliza, nimejaza ridhaa, mshiriki, faragha. Mama wa kwanza kasoma, kanitazama, faragha ndio nini? Ikabidi nikae nao jikoni tuiandike upya, ridhaa ikawa ruhusa, faragha ikawa siri yako. Mama mmoja nilimwambia usiwe na wasiwasi mama, jina lako sitaliandika. Akanijibu, "Mutoto yangu, huku tuko kidogo tu. Ukiandika mama ya mapacha ya Uvira anatumika kwa kiwanda ya nyama, bote batajua ni miye." Na alikuwa sahihi! Kuficha jina peke yake hakutoshi kwenye mji mdogo, toa mapacha, toa Uvira, toa kiwanda, ibaki hoja yake.

Na wanaoandika maisha yao wenyewe, safari ya kambini, ndoa, ndugu waliobaki, hakuna IRB ya kukuzuia hapo ila jiulize shangazi akiisoma kule itakuwaje, maana majarida mengi siku hizi yako mtandaoni na jina lako likitafutwa Google linakuja. Ukitaka jina la kalamu sema mapema, kabla toleo halijatoka, wahariri wengi wanaelewa.

Jambo la kusaini nalo usilikimbilie. Kazi uliyoandika kama mwanafunzi kwa kawaida haki yake ni yako, soma kama wanaomba kuichapisha tu au wanataka haki yote. Ukiona leseni ya CC BY ujue mtu yeyote anaweza kuitumia popote, hata kibiashara, mradi akutaje, na ukishaitoa hivyo hairudi. Mimi niliikubali kwa utafiti, kwa mashairi yangu nisingekubali. Na ukishachapisha hapo, majarida mengine mengi hayataipokea tena, kwa hiyo kama una hadithi unaiona kubwa, ipeleke kwanza unakotaka.

Toleo lilipotoka nikaprinti nakala nikampelekea yule mama wa mapacha. Akavaa miwani, mwanawe mmoja akawa anamtafsiria, akapekua kurasa zote mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa miye niko wapi?" Nikamwonyesha aya yake. Akaisikiliza mara mbili, akaikunja nakala akaiweka kwenye bahasha ya karatasi zake za uhamiaji.