TCE imeshuka, DCE imekwama: je, tununue bakteria?

SWALI: Habari za kazi. Tunasafisha maji ya ardhini chini ya karakana ya zamani iliyokuwa ikiondoa grisi kwenye vyuma kwa trikloroethilini (TCE). Miezi 9 iliyopita tuliingiza laktati ya sodiamu ili kuwalisha bakteria. Katika kisima cha uchunguzi kilicho upande maji yanakoelekea, TCE imeshuka kutoka miligramu 4.2 kwa lita hadi 0.1, lakini cis-dikloroethilini (DCE) imepanda kutoka 0.3 hadi 3.2. Vinili kloridi ni 0.02, ethilini, ambayo ndiyo mwisho usio na sumu, haionekani. pH ilikuwa 6.6, sasa ni 5.7. Majibu ya qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni): bakteria wa Dehalococcoides nakala 200,000 kwa lita, jeni tceA (ya kufikisha hadi vinili kloridi) karibu hivyo hivyo, vcrA na bvcA (za kugeuza vinili kloridi kuwa ethilini) hazikuonekana. Mkandarasi anataka tununue bakteria mara moja. Tununue?

JIBU: Msinunue bado. Rekebisheni pH kwanza, mpime tena, ndipo mwagize.

Anzeni kwa kugeuza miligramu kuwa mikromoli, maana uzito peke yake unadanganya. TCE ina gramu 131.4 kwa moli, DCE 96.9, vinili kloridi 62.5. Mwanzoni mlikuwa na mikromoli 32 za TCE na 3 za DCE kwa lita, jumla 35. Leo mna 0.8 za TCE, 33 za DCE na 0.3 za vinili kloridi, jumla 34. Sumu haijaondoka, imebadilika umbo tu. Kazi hiyo ya kufikisha TCE kwenye DCE inafanywa na bakteria wengi, Geobacter na Dehalobacter wakiwemo. Kuanzia DCE, kupitia vinili kloridi, hadi ethilini ndiko mnakomhitaji Dehalococcoides, na si kila aina yake inafaa.

Hapo ndipo majibu yenu ya jeni yanapozungumza. Kwa kawaida, Dehalococcoides wakizidi milioni 10 kwa lita, usafishaji huenda kwa kasi ya maana. Wakiwa chini ya 10,000 usitegemee kitu. Laki 2 ni katikati, kwa upande wa uchache. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni kukosekana kwa vcrA na bvcA. Wenye tceA pekee hufikia vinili kloridi kisha hujikokota, kwa sababu hawapati nguvu ya kukua kutoka humo. Mkiwaongeza hao tu, mtatengeneza vinili kloridi, ambayo ni hatari kuliko TCE mliyoanza nayo: kiwango cha juu katika maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 2 kwa lita, wakati TCE ni 5.

Sasa pH. Laktati ikichachuka huzaa asidi, na kila klorini inayong'olewa huacha asidi ya haidrokloriki. Chini ya 6 Dehalococcoides husimama, na wa dukani husimama vilevile. Tumieni bikaboneti ya sodiamu, ila msikadirie kiasi kwa kupima maji peke yake: asidi nyingi imeshikwa na udongo. Chukueni udongo wa tabaka lenyewe pamoja na maji yake, mwongeze bikaboneti kidogo kidogo maabara, mwache siku kadhaa, mpime. Lengo ni 6.8 hadi 7.5. Wakati huohuo pimeni klorofomu na 1,1,1-trikloroethani, kwani zote mbili huwazuia bakteria hawa hata kila kitu kingine kikiwa sawa.

Kabla ya kuamini kwamba vcrA haipo, kagueni sampuli. Pampu iende polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, mpaka pH, upitishaji umeme na ORP (kipimo cha nguvu ya maji kuoksidisha) vitulie. Chujeni lita 1 hapohapo kisimani kwa chujio la mikromita 0.22. Likiziba kwenye mililita 600, andikeni 600. Maabara ikigawa kwa lita nzima, hesabu inapungua bure. Chujio liwekwe kwenye barafu na lifike maabara ndani ya saa 24 hadi 48. Chupa ya maji isigandishwe, seli hupasuka. Ulizeni pia kiwango cha chini wanachoweza kugundua, na kama kidhibiti cha ndani (DNA inayojulikana, inayowekwa kuhakiki kipimo) kilifanya kazi: chuma na asidi za humasi huzuia PCR. Wakipunguza DNA mara 10 na hesabu, baada ya kusahihishwa kwa upunguzaji huo, ikapanda, kulikuwa na kizuizi. Tofauti ya mara 2 kati ya vipimo viwili msiijadili. Fikirini kwa tofauti za mara 10. Na msipime kisima cha kuingizia peke yake, huko bakteria ni wengi siku zote.

pH ikitulia juu ya 6.5 na vcrA bado haipo, nunueni, tena bila kusita. Katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly, San Antonio, Texas, DCE ilikwama hivyohivyo. Baada ya lita 13 za mchanganyiko wa bakteria uitwao KB-1, PCE (tetrakloroethilini), TCE na DCE zote zilishuka chini ya mikrogramu 5 kwa lita ndani ya siku 200. Matokeo yalichapishwa 2002.

Kiasi ni hesabu rahisi. Eneo la mita 10 kwa 10, unene mita 3, uwazi wa udongo asilimia 25, ni lita 75,000 za maji. Bidhaa yenye seli bilioni 100 kwa lita inahitaji lita 7.5 kufikisha milioni 10 kwa lita. Maji ya kuisukuma yasiwe na oksijeni, na bomba lipitishwe naitrojeni kwanza. Oksijeni huwaua, na DNA ya waliokufa huendelea kuhesabiwa na qPCR kana kwamba wako hai.

Kwa sababu hiyo, fuatilieni vcrA pamoja na ethilini kwenye mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Jeni zikipanda na ethilini isionekane, agizeni kipimo cha isotopu za kaboni, yaani uwiano wa kaboni nzito (13) na nyepesi (12). DCE ikiwa nzito kuliko TCE ya mwanzo kwa zaidi ya sehemu 2 kwa elfu, inavunjwa kweli; maji ya mvua kuichanganya tu hayabadilishi uwiano huo.