Barua kwa mwanangu: mita, unga wa mbao na karatasi ya dirishani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama hadithi zile za wauza magari ya mtumba wa enzi zetu, za mita kurudishwa nyuma na unga wa mbao kwenye giaboksi, zilikuwa kweli au ni porojo za mafundi. Tena umeuliza kama zinakuhusu wewe unayetafuta gari sasa. Zilikuwa kweli, mwanangu. Porojo ni ile ya kusema kwamba waliofanya hivyo ni matapeli wachache tu.

Nianze na mita, maana ndiyo iliyoleta faida kubwa kwa jasho dogo. Mita za zamani zilikuwa vigurudumu vyenye tarakimu, vinavyozungushwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi. Magari mengi ya Marekani na Uingereza yalikuwa na tarakimu tano za maili, kwa hiyo ikifika 99,999 mita inaanza upya kwenye sifuri. Gari lililotembea maili 130,000 lilisoma 30,000 bila mtu kuligusa. Kazi ya muuzaji ilikuwa kunyamaza tu. Wasiotaka kungoja walichomoa kebo wakaifunga kwenye drili ili mita izunguke kinyumenyume, au walifungua dashibodi wakasogeza tarakimu moja moja kwa ncha ya bisibisi.

Nilipokuwa gereji, wateja waliniletea magari ya namna hiyo niyakague kabla hawajalipa. Kwanza nilitazama mstari wa tarakimu. Mita isiyoguswa, tarakimu zake hukaa sawasawa. Iliyochokonolewa utakuta moja imepanda, nyingine imeshuka, na skrubu za dashibodi zina mikwaruzo mipya. Kisha nainama miguuni pa dereva. Raba ya pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa, halafu mita inasema maili 28,000? Mmoja wao ni mwongo, na si raba. Wajanja walipolijua hilo wakaanza kuweka raba mpya, nami nikaanza kuzitilia shaka raba mpya zilizokaa mbele ya kiti kilichobonyea.

Wala usidhani mchezo huu ulikuwa wa vijana wa yadi peke yao. Mwaka 1987 kampuni ya Chrysler ilishtakiwa Marekani kwa sababu mameneja wake walikuwa wakiendesha magari huku mita zimechomolewa, kisha magari hayo yanauzwa kuwa mapya. Mkuu wake, Lee Iacocca, ilibidi asimame mbele ya waandishi wa habari na kuomba radhi.

Sasa huo unga wa mbao. Giaboksi au difu (gia za kwenye ekseli) ikichakaa, meno yake hulia. Ukichanganya oili na unga wa mbao, unajaza nafasi kati ya meno na mlio unafifia. Utulivu huo unadumu kwa muda wa kulizungusha gari majaribio na kulifikisha nyumbani, basi. Baada ya hapo unga unasagika, unaziba njia za oili, na kilichokuwa kibovu kidogo kinakufa kabisa. Wengine walitumia oili nzito kupita kiasi ili injini isigonge wala isitoe moshi wa bluu. Au waliiwasha injini mapema kabla mnunuzi hajafika, kwa kuwa injini iliyochoka husema ukweli wake asubuhi ikiwa ya baridi. Ndiyo maana mpaka leo naweka kiganja kwenye boneti kabla sijamsalimia muuzaji vizuri. Mama yako anasema ni utovu wa adabu.

Kulikuwa na hila moja ndogo iliyonikera kuliko zote: kung'oa balbu ya taa ya presha ya oili. Taa haiwaki, mnunuzi anafurahi. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ile lazima iwake kwanza, ndipo izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, uliza. Ya bodi sitakaa nayo sana: matundu ya kutu yalijazwa magazeti, yakapakwa fila, ile lipu ya kuzibia bodi, na rangi, na sumaku haishiki juu ya fila. Wapo pia waliochukua nusu mbili za magari mawili yaliyopata ajali wakazichomelea kuwa gari moja. Huo naona ni mwanzo wa kuua.

Lakini hela nyingi hazikuliwa gereji. Zililiwa mezani. Unakuja na gari lako kuukuu ulitoe kama sehemu ya malipo, mtu anachukua ufunguo "akalikadirie", na ukitaka kuondoka ufunguo hauonekani. Gari la bei nafuu lililotangazwa gazetini limeuzwa "asubuhi hii hii", ila lipo jingine zuri zaidi. Umeshakubaliana bei na muuzaji, anakwenda kwa meneja, anarudi na uso wa huzuni na bei nyingine. Na fomu unasaini zikiwa na nafasi wazi. Mtu aliyekaa pale kwa muda wa saa tatu husaini ili arudi nyumbani.

Kwa nini haya yaliendelea miaka yote hiyo? Mwanauchumi George Akerlof alilieleza mwaka 1970, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2001. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, na mwenye gari zuri haoni sababu ya kuliuza kwa bei hiyo. Basi sokoni yanabaki mabovu, na muuzaji mwaminifu anaonekana ghali.

Sheria zilikuja polepole. Uingereza ilifanya maelezo ya uongo ya bidhaa kuwa kosa la jinai mwaka 1968. Wauzaji wakajikinga kwa kubandika karatasi inayosema mita isitegemewe. Marekani ilipiga marufuku kuchezea mita mwaka 1972. Mapema miaka ya themanini, tume yao ya biashara ikataka kila muuzaji aandike dirishani kasoro anazozijua za gari. Ombi la haki kabisa, au sivyo? Bunge likaikataa kanuni hiyo mwaka 1982. Iliyotoka mwaka 1984 inamtaka muuzaji aandike kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo. Kasoro anazozijua zikabaki kichwani mwake. Mimi naona hapo wauzaji walishinda.

Umeuliza kama mita za kidijitali zimemaliza mchezo. Hapana. Drili imebadilishwa na kompyuta, na tarakimu haziendi mshazari tena, kwa hiyo kile nilichokitazama mimi hakikusaidii. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria mwaka 2002 kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka nchini humo yakiwa na mita za uongo. Wewe omba kumbukumbu za sevisi, ulinganishe tarehe na maili moja baada ya nyingine. Hakikisha nambari ya chesisi iliyopo kwenye chuma ni ile ile iliyo kwenye karatasi. Fundi wa kulikagua umtafute mwenyewe. Akisema muuzaji anaye wake, mshukuru na umlipe wa kwako.

Ukiliona gari, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Nipigie ukiwa hapo hapo, uniwekee simu karibu na injini wakati inawaka. Nitasikiliza.

Mama yako anakusalimu sana, na anasema ukikataliwa ufunguo wako uite polisi.

Baba yako