Oksijeni sensa: usinunue kwa macho

Wakuu habari za saizi. Mwezi wa saba, baridi ya Uyole, huku Mbeya, mnaijua wenyewe, gari ikaanza kuwasha taa ya cheki injini asubuhi, mafuta yanaisha haraka na harufu ya petroli kwenye eksozi unaisikia mpaka sebuleni. Kupima na mashine ikatoa namba ya kosa, P0135. Fundi akasema sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye eksozi, imekufa kalete nyingine, nikakimbia sokoni Mwanjelwa nikarudi na ya mtumba inayofanana kila kitu, plagi ileile, waya nne vilevile, tukafunga. Siku mbili taa imewaka tena, safari hii na namba nyingine kabisa.

Hapo ndo nikakaa chini kujifunza. P0135 inalalamikia hita iliyo ndani ya sensa ya kwanza, ile ya kabla ya masega (kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi). Sensa haisomi mpaka ipate moto wa nyuzi 300 hivi, hita ndo inaiwahisha, ikikata basi kwa baridi yetu injini inatembea muda mrefu kwa kukisia na inajimwagia mafuta tu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela chomoa plagi, chukua mita ya umeme, pima omsi (ukinzani) kwenye zile waya mbili za sensa za rangi moja, ndo za hita. Ikisoma namba ndogo hita ni nzima, kaangalie fyuzi na waya, moto wa eksozi unaziunguza sana. Isiposoma kitu hita imekatika, hapo sasa nunua.

Na nenda na namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, au namba ya chasisi. Gari nyingi za Kijapani sensa ya mbele inapima uwiano wa hewa na mafuta, ya nyuma ni ya kawaida, kwa nje ni mapacha lakini kompyuta haielewani nazo ukizichanganya. Mimi niliuziwa ya nyuma nikaifunga mbele, hela imeenda.

Kufungua ndo penye kazi. Spana 22, bora soketi yenye mwanya wa kupitisha waya. Pulizia mafuta ya kutu usiku, asubuhi washa injini dakika chache bomba lipate uvuguvugu, zima. Yangu iligoma, nikaongeza bomba kwenye spana nikasikia uzi unasaga, nikaacha hapohapo, nikarudisha kidogo, nikapulizia tena, nusu saa baadaye nikawa naenda mbele narudi nyuma mpaka ikatoka. Jamani msilazimishe, uzi ukifa unashusha eksozi unaenda kuchonga upya.

Mpya paka grisi ya kuzuia kutu kwenye uzi tu, kichwani, ile ncha inayoingia ndani ya bomba, isiguse hata tone, na kama imekuja imeshapakwa usiongeze. Silikoni usithubutu, inaua sensa. Anza kwa mkono, malizia na spana, plagi chomeka mwisho ili waya isisokotwe.

Nikafuta kosa na mashine nikapandisha nayo mpaka Isyonje na kurudi. Wiki ya tatu hii, taa haijawaka na ile harufu asubuhi hakuna.