Pawabenki ya 50,000 mAh kwa mia nane?

Boss, hiyo pawabenki ya 50,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) uliyoonyeshwa Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, kwa shilingi mia nane, iache huko huko. Zidisha mAh kwa 3.7, yaani volti za seli ya lithiamu, ugawanye kwa 1,000: unapata 185 Wh, kipimo cha nishati. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho inakaribia kilo moja, na wewe unasema inatoshea mfuko wa shati! Mimi niliwahi kufungua moja ya aina hiyo usiku stima zimepotea, nikakuta seli moja na mchanga. Mchanga, jamani. Tafuta ya 20,000 iliyoandikwa 74 Wh ubavuni. Hiyo itajaza simu ya 5,000 mAh mara mbili na ushei, si mara nne, maana nishati nyingine hupotea wakati wa kuchaji. Na kwenye ndege kwa kawaida inaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi, kikomo cha kawaida ni 100 Wh.