Kichocheo changu cha platinamu kinakufa, niongeze platinamu?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina kichocheo cha kuharakisha mmenyuko, platinamu asilimia 0.5 juu ya alumina (oksaidi ya alumini), nageuza gesi ya propani kuwa propilini kwa nyuzi 600. Kinaanza vizuri ila baada ya masaa manne kazi inashuka chini ya nusu. Huwa nachoma masizi (kaboni inayoganda juu yake) kwa hewa kwenye nyuzi 750 ili yaishe haraka, mara ya kwanza kilirudi ila sasa hakirudi tena. Nipandishe platinamu hadi asilimia 2?

JIBU: Usiongeze hata chembe. Swali hili naletewa kila mara na kosa ni lile lile, mtu anaona masizi anadhani ndio adui peke yake, anachoma kama anachoma takataka. Ndugu yangu, masizi yalikifunika tu hicho kichocheo, aliyekiua ni wewe na hizo nyuzi 750.

Platinamu inayeyuka kwenye nyuzi 1768 ndo maana watu wanajiamini, lakini chembe zako ni za nanomita moja mbili, hazisubiri kuyeyuka ndo zihame. Ukifika nusu ya kiwango cha kuyeyuka, ukihesabu kwa kelvini (nyuzi ujumlishe 273), atomu za metali zinaanza kutembea hata za ndani, na kwa platinamu nusu hiyo ni kama nyuzi 750, yaani palepale ulipoweka tanuri, za juujuu zilishaanza kuhangaika zamani. Halafu umetumia hewa tupu! Kwenye joto hilo oksijeni inaipeperusha platinamu kidogo kidogo kama mvuke wa oksaidi, inaenda kutua kwenye chembe kubwa, ndogo zinaisha kubwa zinanenepa. Na masizi yakiwaka yanatoa joto lake, kwa hiyo kipimo kinasoma 750 huku ndani kwenye kichocheo ni zaidi.

Sasa ukiweka asilimia 2 chembe zinabanana, zinaungana haraka, na zile kubwa ndio hodari wa kuvunjavunja propani mpaka ibaki kaboni. Umelipia platinamu mara nne upate masizi zaidi.

Weka bati, namaanisha metali ya tin sio la kuezekea. Linatenganisha atomu za platinamu zisikae makundi makubwa, na propilini inaachia mapema kabla haijageuka masizi. Potasiamu kidogo pia, izime asidi ya alumina. Kuchoma anza na oksijeni asilimia 1 ndani ya nitrojeni, panda taratibu, ishia 500 hivi, ikichukua usiku kucha shida iko wapi? Zilizokwisha kunenepa hazirudi kwa kuchoma, viwandani wanazitawanya upya kwa klorini na oksijeni halafu haidrojeni, na klorini sio ya kuchezea.

Ila wanaonichosha kabisa ni wauza unga wa "kufufua kichocheo", wanakuja na grafu ya kazi ya kichocheo kwa masaa mia imenyooka kama rula. Ukichimba unakuta walijaza kichocheo kingi mno, propani imeshafika kikomo chake, yaani haiwezi kugeuka zaidi kwenye joto hilo, kwenye theluthi ya kwanza tu, kwa hiyo sehemu ya mbele inakufa ya nyuma inapokea kazi na wewe huoni kitu mpaka siku mstari unaanguka ghafla. Mwambie apunguze kichocheo mpaka matokeo yawe mbali na kikomo, apime tena, na akuoneshe baada ya kuchoma mara kumi sio moja. Wengi hapo wanasema watakupigia.