Maswali yenu: nani ajaribu programu yako kwanza?

Nusu ya barua nilizopokea wiki hii ni sentensi moja tu: "Nina apu mpya, nitapata wapi watu wa kuijaribu?" Wenyewe hawasemi apu ni ya nini wala ni ya nani. Hao sijawajibu, na wakiandika vivyo hivyo wiki ijayo sitawajibu. Mwenye kuuliza njia hutaja anakokwenda. Waliojieleza, majibu yenu haya hapa.

Nimetengeneza programu ya simu ya kusimamia stoo ya spea za magari, nikiwalenga wauzaji wa Kirinyaga Road, Nairobi. Nitawapata wapi wajaribu 100? – Msomaji, Kasarani

Barabara umeitaja mwenyewe, ndugu yangu. Shuka Ngara, vuka mto, uko kazini.

Na hao mia ni wa nini? Jakob Nielsen, ambaye amefanya kazi miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Ila wawe watu wa aina moja. Kwako wewe kuna aina mbili, mwenye duka na kijana wa kaunta, kwa hiyo tafuta watatu au wanne wa kila upande. Mwenye duka ndiye atakayekuruhusu uingie. Kijana ndiye atakayeishika simu, mikono ina grisi na wateja wanne wanasema kwa pamoja. Ukimsikiliza tajiri peke yake utajenga kitu cha kutazamwa jioni, na mchana hakuna atakayekigusa.

Nenda katikati ya wiki, asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kutuma watu kuchukua spea. Simu yako iache mfukoni. Uliza hivi: mara ya mwisho mteja alipoitisha kitu ukamwambia huna, kumbe kilikuwa stoo, ilikuwa lini? Asiyekumbuka siku kama hiyo hana ugonjwa unaoutibu, mshukuru uende duka la pili. Anayekumbuka, tena akapandwa na hasira anaposimulia, huyo usimwachie.

Kisha kaa utazame. Utaona spea moja ina majina matatu: la katalogi, la fundi, na ile namba iliyochongwa kwenye kifaa kibovu ambacho mteja amekuja nacho mkononi. Programu inayojua jina moja tu itafungwa kabla ya saa sita mchana.

Hili hukuuliza, lakini lishike. Tangu KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilete eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, mgeni anayeuliza bidhaa ngapi zimeuzwa huonekana mpelelezi wa kodi. Taja jina lako, sema unakaa wapi, usiulize mauzo siku ya kwanza. Na ukimwahidi mwenye duka kwamba hesabu zake hazitatoka kwenye simu yake, zisitoke.

Wenzangu wote chuoni wameisifu apu yangu ya wafugaji wa nyuki. Nizindue? – Juja

Hapana. Kati yao kuna hata mmoja mwenye mzinga?

Google Play inadai wajaribu 12 kwa siku 14 kabla ya kuchapisha apu. Kuna mtu mtandaoni anawauza kwa bei nafuu. Ninunue? – Umoja

Sharti hilo ni la akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023. Mwanzoni walitaka 20, mwishoni mwa 2024 wakapunguza hadi 12. Siku 14 ni za mfululizo, kwa hiyo alika 15 au zaidi, maana kuna watakaojitoa katikati.

Ukinunua utapata akaunti 12 za watu wasiojua apu yako inafanya nini. Siku ya kuomba ruhusa ya kuichapisha, Google itakuuliza kuhusu majaribio hayo: wajaribu ulivyowapata, waliyosema, na uliyobadilisha kwa sababu yao. Hapo itabidi utunge. Biashara hii inaniudhi sana. Kijana aliyenyimwa usingizi miezi sita na programu yake anapewa wiki mbili za kusikilizwa bure, anazitumia kumdanganya mtu aliye mbali. Wiki hizo ni zako. Zijaze watu unaotaka kuwahudumia.

Niwasainishe wajaribu mkataba wa kutunza siri kabla ya kuwaonyesha apu? – Wengi mno

Nimejibu hili mara nyingi. Mama muuza mboga wa Marikiti hana haja ya kuiba wazo lako, na ukimwekea karatasi ya kisheria mbele yake atakufukuza. Ana haki.

Programu yangu ya chama cha akiba ina mikopo, riba na gawio. Wajaribu wanaitumia kuandika michango ya matanga tu! Nitawarudishaje kwenye mstari? – Dada wa Donholm

Usiwarudishe, dada yangu. Wanakuonyesha mlango wa kuingilia.

Mwaka 2005, huduma iliyokuja kuwa M-Pesa ilijaribiwa Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakafanya yao. Msafiri aliweka pesa alikotoka akazitoa alikofika. Mwingine alizilaza humo usiku kwa usalama. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Ule mpango wa mikopo, nao, uliwaongezea watunza hesabu kazi. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, iliyopewa nafasi ya mbele ni kazi moja: kutuma pesa nyumbani. Waliokuwa wakiongoza majaribio wangesisitiza watu "warudi kwenye mstari", sijui leo tungekuwa tunalipia nyanya kwa nini.

Sasa tazama matanga. Orodha ya michango inazunguka WhatsApp, kila mtu anainakili na kuongeza jina lake, wawili wakituma kwa pamoja jina moja linapotea. Mama aliyejinyima akatoa 500 anaonekana mbele ya ukoo kwamba hakutoa. Hiyo ni aibu ya kweli na inamuuma. Keti na waweka hazina watatu, uwaulize walivyosawazisha orodha ya msiba uliopita. Riba na gawio zitasubiri.

Niwalipe wajaribu? – Rongai

Lipia nauli, bando na muda ambao wameacha kazi yao. Usilipie matumizi ya kila siku, kwa sababu hapo umeajiri mtu na mwajiriwa atakuambia unalotaka kusikia. Baada ya mwezi taja bei, hata shilingi 200, kisha uangalie nani anatoa na nani anaanza kukupa pole.

Mwenye kliniki amenipa orodha halisi ya wagonjwa nijaribie programu. Ni sawa? – Kayole

Ifute leo, kabla hujalala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Nia njema ya mwenye kliniki haimpi ruhusa ya wagonjwa wake.

Mimi nimewahi kutumiwa faili kama hiyo. Niliifungua nikakuta jina la jirani yangu na dawa anazotumia. Hakujua kwamba najua, na hata leo hajui. Nilishindwa kumsalimia kama zamani. Tunga majina 200, tunga magonjwa, changanya tarehe. Programu haitatofautisha, na muuguzi ataijaribu vilevile.

Mjaribu wangu bora ni fundi cherehani wa Kariobangi. Wiki mbili hajibu ujumbe. Nitume tena? – Buruburu

Usitume, nenda. Buruburu na Kariobangi ni jirani. Beba suruali ya kupunguzwa, lipa bei anayosema, ukae kwenye benchi lake akishona. Usilalamike kuhusu ujumbe. Akimaliza muulize kitu kimoja: siku ya mwisho ulipoifungua, ulikuwa unatafuta nini? Halafu nyamaza mpaka amalize kusema.